Neno Nililolisema Gizani

"Wacha hapo! Mzee, usiguse tena!"

Sauti ilitoka benchi la pili, kwa kijana wa bodaboda aliyepakata helmeti yake mapajani kama mtoto. Alikuwa akimwamrisha mchoraji Pablo Picasso. Picasso alifariki mwaka 1973, na filamu tuliyokuwa tukiitazama ilipigwa Ufaransa mwaka 1955, lakini kijana alikuwa ameunyoosha mkono kuelekea shuka jeupe ukutani, kiganja wazi, kama askari anayesimamisha gari.

Kwenye shuka palikuwa na samaki. Muda mfupi kabla ya hapo yalikuwa maua. Sasa alikuwa samaki kamili, amejaa karatasi nzima, na kila mtu kibandani alikuwa ameridhika naye. Kisha mistari mipya ikaanza kumpanda mgongoni, na samaki akaanza kugeuka kuku.

Maikrofoni nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa na sekunde moja tu ya kuwaambia watu 50 na ushei kile alichokuwa akifanya mzee yule.

Nikasema: "Anaharibu."

Kibanda kikalipuka. Kila mtu akawa na amri yake. Wacha! Rudisha! Weka kalamu chini! Mwanamume mmoja aliyeketi karibu na mlango akasimama, akafungua pazia, akatoka, na jua la mchana likaingia likaifuta picha yote kwa ule muda aliochukua kupita.

Wiki saba zimepita.

Neno lile halijanitoka.

Ubao wa chaki

Kibanda ni cha video, cha jirani yangu hapa Bombo, Uganda: mbao, bati, mabenchi, pazia zito jeusi mlangoni. Wikiendi ni mpira wa Uingereza. Siku nyingine ni vita na mapenzi, vijei, yule msimulizi wa filamu mwenye maikrofoni, akitafsiri kwa Kiganda. Jirani alinipa saa mbili za Jumatano mchana bila kunitoza hata shilingi, na chini ya ratiba ya mechi, kwenye ubao ulio nje, akaandika kwa chaki: MCHORAJI MZEE. BURE. KISWAHILI.

Nafundisha Kiswahili sekondari. Tangu baraza la mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba somo hili liwe la lazima, nimekuwa nikiingia darasani nikikutana na macho ya watoto ambao hawakulichagua. Wengi wamekijua Kiswahili kwa sauti moja tu: simama, toka, leta kitambulisho. Bombo ni mji wa kambi ya jeshi na mji wa jamii ya Wanubi, na hapa kuna watu wanaochumbia na kutaniana kwa lugha hii kutwa nzima. Lakini wanafunzi wangu wanaotoka vijiji vya jirani wanaisikia kama fimbo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba nikisema "tafadhali" kwa Kiswahili, yeye bado anasikia "haraka".

Kwa hiyo nilitafuta filamu ambayo ndani yake hakuna anayemwamrisha mwenzake. Mtu anachora, sisi tunaangalia, mwalimu anaeleza kwa utulivu. Nilidhani nimepata kitu kisichoweza kuharibika.

Angalia jinsi neno lile linavyorudi lenyewe.

Samaki na saa

Filamu yenyewe ni *Le Mystère Picasso* ya Henri-Georges Clouzot, iliyotoka mwaka 1956 na kupewa tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka huohuo. Mimi niliitangaza kama *Fumbo la Picasso*. Clouzot alitumia karatasi na wino wa aina ambayo mstari ukichorwa upande wa mbele unavuja na kuonekana upande wa nyuma. Kamera ikawekwa nyuma ya karatasi. Mchoraji humwoni. Unaona karatasi nyeupe, halafu mstari unatokea wenyewe, unapinda, unasita, unaendelea. Mpigapicha alikuwa Claude Renoir, mjukuu wa mchoraji Auguste Renoir, na nadhani ndiyo maana kamera ile ina subira ya mtu aliyezoea kukaa pembeni ya kazi ya mwingine.

Watu walipenda mara moja. Kuna michoro inayopita bila muziki, unasikia kalamu tu ikikwaruza, na mle ndani walianza kubahatisha. "Ua!" "Siyo, mwanamke!" "Ng'ombe!" "Ng'ombe gani ana macho mawili upande mmoja?" Vijana wawili nyuma walikuwa wanawekeana soda. Mzee mmoja, mstaafu wa jeshi, alikuwa akibahatisha kwa sauti ya chini kabla ya kila mtu, na alikuwa akipata.

Kisha ikaja sehemu ya saa. Clouzot anamwambia Picasso kwamba filamu iliyobaki kwenye kamera ni ya dakika chache tu. Picasso, mwenye miaka 73, kifua wazi, kaptura, anakubali kuchora mbio kabla haijaisha. Clouzot alikuwa bingwa wa kumkalisha mtazamaji roho juu: mwaka 1953 alikuwa ametoa filamu ya madereva wanaosafirisha naitrogliserini, kilipuzi hatari, kwa malori kwenye barabara mbovu. Anakipiga picha kipande hiki cha karatasi namna ileile. Na hapo watazamaji wa kibanda walikuwa nyumbani kabisa. Filamu inaisha, saa inakimbia, na samaki, Mungu awe shahidi, alikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa kuweka jina na kushukuru.

Ndipo yule mzee akaanza kumpanda samaki mgongoni.

Ninachosikia kwenye simu

Nilikuwa nimeirekodi sauti ya kibandani kwa simu ili wanafunzi waje kuitumia kwa zoezi la kusikiliza. Sijawahi kuwapa zoezi hilo. Badala yake nimekuwa nikiisikiliza mwenyewe usiku, sekunde zilezile 20.

Kwanza kelele za kubahatisha. Kisha kijana wa bodaboda: "Wacha hapo! Mzee, usiguse tena!" Kisha, na hili sikulikumbuka kabisa mpaka niliposikiliza, kicheko. Watu walimcheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu wanaojua kwamba mwenzao amejisahau akaingia ndani ya picha. Kicheko kinadumu kama sekunde nne.

Kisha sauti yangu, kubwa kuliko zote kwa sababu ilipitia kwenye spika: "Anaharibu."

Kicheko kinakatika.

Kuanzia hapo hakuna anayebahatisha tena. Hakuna "kuku!", hakuna "uso!", ingawa kuku alikuwa kuku wazi kabisa na baadaye akazama ndani ya uso. Ni amri tupu mpaka mwisho wa sehemu ile. Kwa wiki mbili za mwanzo nilikuwa nikijiambia kwamba nilitafsiri tu hisia zilizokuwamo mle ndani. Simu inakataa. Kijana alikuwa akiomba. Mimi nilihukumu, halafu hukumu ikapazwa na spika.

Anayetazama filamu za Wakaliga, mtaa wa Kampala, za mwongozaji Isaac Nabwana, anajua kwamba nchini kwetu vijei anaweza kuwa sehemu ya filamu yenyewe. Katika *Who Killed Captain Alex* ya mwaka 2010 sauti yake imo ndani, inachekesha, inasifu, inachochea mapigano. Nimekulia kwenye sauti hizo na ninazipenda. Vijei hakusimulii unachokiona. Anakuambia ukichukulieje. Nilijua hivyo kama mtazamaji, miaka yote. Sikujua hivyo kama mtu aliyeshika maikrofoni.

Lakini mbona nilisema "anaharibu"? Maneno mengine yalikuwapo. Anageuza. Anaongeza. Anaendelea. Anafunika. Yote mepesi, yote yalikuwa mdomoni mwangu.

Nililisema kwa sababu na mimi nilimtaka samaki abaki.

Kitenzi kisichokuwapo

Mwalimu wa lugha akikosa usingizi hurudi kwenye lugha. Nilianza kutafuta neno ambalo ningelisema.

Kiswahili kina namna yake ya kurudisha kitendo nyuma. Unafunga, unafungua. Unakunja, unakunjua. Unaziba, unazibua. Unapanga, unapangua. Unashona, unashonoa. Unatega, unategua. Watoto wangu wa kidato cha tatu wanaipenda sana mada hii, maana kila mmoja anaweza kuleta jozi yake. Lakini chora? Hakuna *chorua*. Mchoraji hakupewa kitendo cha kurudi. Kuna kufuta, na kufuta ni kwa kitambaa au kifutio, kitu kinaondoka na mahali panabaki patupu. Picasso hafuti. Yule samaki bado yumo ndani ya kuku. Ukiangalia vizuri, tumbo la kuku ni lilelile la samaki.

Niliandika orodha kwenye daftari, kurasa mbili. Nikaifunga. Nilihisi nimeligeuza jambo la watu 50 kuwa zoezi la sarufi ili nisilitazame usoni.

Hajati ananisahihisha

Miongoni mwa waliokuja siku ile alikuwa Hajati mmoja wa Kinubi, mama wa makamo ya juu, anayesuka tabaga, zile sinia za ukindu wa rangi tunazofunikia chakula. Wakati wa zile kelele nilimsikia akisema kitu kutoka benchi la mbele. Nilisikia: "Anafumbua." Nilifurahi sana. Filamu inaitwa *Fumbo*, na mama huyu, katikati ya vurugu, ameona kwamba mchoraji analifumbua fumbo. Nilirudia kwenye maikrofoni: "Hajati anasema anafumbua!" Hakuna aliyesikia.

Katika wiki ya tatu nilikwenda kwake kununua tabaga, na kwa kweli nilikwenda kumshukuru.

"Salaam aleikum, Hajati."

"Aleikum salaam, Mwalimu. Karibu ukae, kuna mkeka hapo."

Nikamwambia jinsi neno lake lilivyonipendeza. Akaacha kusuka, akaniangalia.

"Fumbua? Mimi sikusema fumbua. Nilisema anafumua."

Halafu akanionyesha, bila mimi kuuliza. Alikuwa na tabaga changa mapajani, duara la upana wa sahani. Mzunguko wa nje ulikuwa mwekundu na kijani, na kwenye mzunguko wa tatu kutoka ukingoni pembe moja ya nyota ilikuwa imesogea. Mimi nisingeiona hata kwa tochi. Alichomoa ncha ya ukindu kwa ule msumari wake wenye mpini, akavuta, na mzunguko ukaanza kuachia, tundu baada ya tundu, kwa mlio mdogo mkavu. Alifumua mizunguko mitatu. Ukindu uliotoka haukunyooka. Ulikuwa na mawimbi kama nywele za msichana aliyetoka kufumuliwa misuko, na upande uliokuwa umeelekea nje ulikuwa umepauka kidogo kuliko ule wa ndani. Akauchovya kwenye bakuli la maji, akaupitisha katikati ya vidole viwili, akaanza tena na huohuo.

"Wewe mtu akifumua nywele utasema anaharibu?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

"Basi."

Nilikaa pale mpaka adhuhuri. Nilijifunza kwamba anafumua karibu kila tabaga, na kwamba zile alizowahi kumaliza bila kufumua kabisa hazipendi. Hakueleza kwa nini, na nilipouliza alisema hazina kitu, akanyoosha mkono kuonyesha mojawapo iliyofunika ndoo ya maji. Kwangu ilikuwa nzuri kama nyingine zote.

Nikarudi nyumbani nikiwa nimepona. Neno nimelipata: *anafumua*. Lilikuwapo siku zote! Wapenda mpira wa kibandani wanalitumia kila kocha mpya anapofumua kikosi. Niliandika nusu ya makala hii usiku ule, na makala ile ilikuwa ya furaha. Ilikuwa inaishia hapa.

Ila yule mwanamume aliyetoka.

Karatasi ya nani

Ni fundi wa vibao. Kibanda chake kiko kando ya barabara kuu ya Gulu, na karibu kila duka ninaloingia mjini hapa limeandikwa na mkono wake. Kuna namna anavyomalizia herufi R, mguu wake unaota mkia mdogo. Ukishaiona mara moja huachi kuiona.

Nilimkuta anapiga msasa bati kuukuu. Nilimuuliza moja kwa moja kwa nini alitoka, na nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa neno langu.

"Neno gani?" akasema. Hakuwa amelisikia.

Hilo pekee lilinifaa. Wiki zote zile nilikuwa nimejipa ukubwa ambao mtu mmoja angalau hakunipa.

"Mzee yule karatasi hakununua," akaendelea. "Umeona? Akimaliza moja kuna anayemwekea nyingine. Wino upo. Anaweza kuharibu mpaka jioni."

Nilimwambia habari za Hajati na ukindu, kwamba hata yeye hununua ukindu na bado anafumua. Akafikiri.

"Hajati ukindu unamrudia. Rangi ikishakaa kwenye bati hairudi koponi."

Akaligeuza lile bati ukingo juu, akaniita nisogee. Pale rangi ilipobanduka niliona tabaka zake, nyembamba kama ganda la kitunguu: nyeupe, bluu, nyekundu iliyochuja, nyeupe tena, kijani. Alizitaja kwa vidole: duka la nyama, kinyozi, duka la nyama tena la mtu mwingine, dawa za mifugo. Sasa itakuwa saluni. Alilisimamisha bati kwa pembeni ili jua la saa kumi na moja lilipige ubavuni, na herufi za zamani zikainuka chini ya rangi kama mishipa ya mkono: N, Y, A, M, A. Asubuhi, alisema, hazionekani. Mwenye saluni hatajua.

Nilipata nguvu. "Kumbe na wewe fundi unachora juu ya picha nyingine. Tofauti yenu iko wapi?"

"Mimi nafunika ya jana iliyokwisha kulipwa," akasema. "Yeye anafunika ya leo."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Kwenye filamu, baada ya mchoro mmoja wa rangi, Clouzot anamwambia Picasso kwamba watazamaji watafikiri imemchukua dakika 10. Ukweli ni saa tano. Nilipotafsiri maneno hayo kibandani mama mmoja aliguna, "Saa tano!" Nilidhani anastaajabia bidii. Baada ya kumsikiliza fundi nimeanza kufikiri kwamba alikuwa anapiga hesabu. Saa tano ni siku ya soko. Nimeishi na filamu hii kama filamu ya uhuru wa msanii, na kila niliposoma juu yake nilikuta imesifiwa hivyo, hata serikali ya Ufaransa iliitangaza kuwa hazina ya taifa mwaka 1984. Kule Bombo watu waliona pia bili. Sidhani kwamba waliona kidogo kuliko wengine. Nadhani waliona kitu ambacho Clouzot alikiweka wazi kabisa, kwa kuleta saa na kuhesabu filamu iliyobaki, halafu sisi wapenzi wa sanaa tukakichukua kuwa mchezo.

Nilikuwa naaga fundi aliposema jambo la mwisho, akiwa amenigeuzia mgongo anatafuta brashi.

Miaka kadhaa iliyopita alichora korongo kwenye ukuta wa shule moja ya chekechea. Yule korongo wetu wa bendera, mwenye taji, mkubwa kuliko mlango. Hakuambiwa achore, aliambiwa apake ukuta rangi, na rangi ikabaki, na jioni ikawa bado na mwanga. Watoto walimkuta asubuhi wakashangilia. Siku mbili baadaye akaitwa. Uongozi ulitaka ukuta ule uandikwe kanuni za shule.

"Walimfuta?" nikauliza.

"Nilifutishwa."

Mwalimu wa lugha alilisikia kabla mimi sijalisikia. Fut-ish-w-a. Kitendo, aliyekisababisha, aliyekibeba, vyote ndani ya neno moja. Alipaka mwenyewe, kwa brashi yake, koti mbili za rangi ya maziwa, kuanzia taji kushuka chini kwa sababu taji ndilo lilikuwa gumu kufunika, kisha akaandika juu yake kwa herufi nzuri: *Usikimbie. Usipige kelele.*

Nikakumbuka kurasa zangu mbili. Nilikuwa nimetafuta kila namna ya kurudisha kitendo nyuma na sikuwa nimemtafuta mwenye mkono. Picasso anafunika. Hajati anafumua. Wote wawili wanapenda, na wote wawili wakiamua kuacha wanaacha. Yule kijana wa bodaboda aliyepiga kelele "wacha", na yule mama wa saa tano, na pengine wengine wengi mle gizani, sidhani kama walikuwa wakimlilia samaki peke yake. Nchi hii imejaa watu waliowahi kuvunja kitu chao kwa mikono yao kwa sababu mtu alisimama nyuma yao. Halafu nikaja mimi na lugha ambayo wengi wameijua kwa kuamrishwa, nikawawekea spika.

Sijui kama ndivyo alivyoona fundi. Hakusema zaidi, na mimi sikumchimba.

Jumatano iliyopita

Tulirudia. Jirani aliandika tena ubaoni, safari hii bila neno BURE kwa sababu chaki iliisha, lakini bure ilikuwa. Walikuja kama 30. Niliwaambia mwanzoni kwamba nitatafsiri maneno wanayosema wale wazee wa kwenye filamu, na michoro nitainyamazia.

Kunyamaza na maikrofoni mkononi ni kazi nzito. Mara mbili niliiinua mpaka mdomoni nikaishusha.

Walibahatisha kama mwanzo. Yakaja maua, akaja samaki, saa ikaanza kukimbia. Mistari ikaanza kumpanda mgongoni. Na hapo, kutoka benchi la wanafunzi wangu, mmoja aliyekuwapo mara ya kwanza akapaza sauti kwa Kiswahili safi, kwa lafudhi yangu mwenyewe:

"Anaharibu!"

Wengine walicheka. Mmoja akamwambia, "Nyamaza, tuone." Mwingine akasema, "Kuku." Kisha wengi wakasema kuku. Sikugusa kitu. Nilikuwa nimelishika pindo la benchi kwa mkono wa kushoto.

Baadaye sana, karibu na mwisho, inakuja picha kubwa ya ufukwe wa La Garoupe. Picasso anaipaka, anaibadilisha, anaipaka tena, watu wanahama, bahari inahama, na kadiri anavyozidi ndivyo inavyozidi kumkwama. Hii haina haraka ya saa. Anasema mwenyewe, na mimi nikatafsiri kwa sauti ndogo kadiri spika ilivyoniruhusu: "Inakwenda vibaya. Vibaya sana."

Mwanga ukaingia.

Fundi alikuwa mlangoni, pazia mkononi, mguu mmoja ndani. Rangi nyeupe ilikuwa imemkauka kwenye vidole. Sijui alikuwa amesimama nje akisikiliza kwa muda gani. Jua likaosha nusu ya chini ya shuka, bahari yote ikatoweka, zikabaki anga na vichwa vya watu.

"Funga pazia!" akapiga kelele mtu.

"Ingia au toka!"

"Wee, funga!"

Hakuingia na hakutoka. Maikrofoni ilikuwa wazi mkononi mwangu na wengi waligeuka kuniangalia, wakingoja mwalimu aseme. Kwenye nusu ya shuka iliyobaki Picasso aliiacha ile picha, akataka turubai mpya, akaanza ufukwe uleule upya kwa mistari michache, haraka, kama mtu anayejua njia. Fundi alikuwa akiutazama mkono. Kelele zilipungua polepole, wa mabenchi ya nyuma wakainuka wakasogea kushoto penye kivuli ili waone, na yeye akabaki palepale, ameshika pazia, mpaka mzee alipoandika jina lake.